Koti la mtumba lilivyonifundisha breki

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na ile mada ya wapenzi wanaonuniana ndani ya daladala. Naomba radhi, itabidi waendelee kununiana wiki nyingine moja. Kuna jambo limetokea nyumbani, na mimi jambo likinikaa kifuani halitoki mpaka nilimwage hapa.

Stori inaanzia kwenye baridi. Wewe unayenisoma ukiwa Dar, vifungo vya shati wazi, feni inazunguka, hutanielewa. Lakini mtu wa Mbeya, Makambako, Mafinga au Iringa mjini anajua mwezi wa sita na wa saba unavyokuwa. Asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi kama lori bovu linalopanda mlima. Kule Kitulo majani yanaamka meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Na kama unaona natia chumvi, panda bodaboda saa kumi na moja alfajiri kuelekea Uyole. Ukishuka magoti hayakunji, nauli yenyewe vidole vinashindwa kuitoa mfukoni.

Nikasema hapana, mwaka huu sikubali. Nikaingia soko la mitumba Mwanjelwa kusaka koti.

"Kaka, hili la Ulaya kabisa, belo nimefungua leo," jamaa akaniambia. Hao kila siku belo wamefungua leo. Alitaka elfu ishirini, nikampa saba, tukazozana kidogo kama sheria ya soko inavyotaka, tukamalizana kwa elfu kumi na mbili. Koti la bluu, zito, zipu nene, na kofia kubwa ambayo kichwa kinaingia na helmeti juu yake. Wenye bodaboda wengi wa huku wanayavaa sana makoti ya namna hii, utawaona kuanzia Mbeya mpaka Iringa.

Nimefika geto, nikaanza kulikagua. We! Nikakuta mambo. Kwanza, kiunoni kwa ndani kumeshonewa kitu kama sketi fupi yenye lastiki na vifungo. Nikashtuka, jamaa kaniuzia koti la kike nini? Pili, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kuna kamfuko ka zipu kanakotosha kadi moja tu. Tatu, kwapani kuna zipu! Ukiifungua unabaki na tundu, upepo unapita. Sasa niambie wewe, nani anashona koti la baridi halafu anaweka mlango wa kuingizia baridi? Nne, ndani ya mfuko kuna kitambaa laini kimefungwa kwa uzi ili kisipotee. Tano, kuna kitu kidogo kigumu kimeshonewa ndani ya kitambaa, kina maandishi RECCO.

Nikalipeleka kijiweni ili wataalamu wanisaidie. Mmoja akasema sketi ni ya kuficha pesa. Wa pili akasema kamfuko ka mkononi ni ka nauli, ili konda asijue una shilingi ngapi. Wa tatu, yule mwenye kujua kila kitu (kila kijiwe kina wake), akashika ile RECCO akatikisa kichwa. "Hiki ni kifaa cha kukufuatilia. Wanakuona ulipo. We jichanganye tu."

Basi usiku nikanunua bando, nikakesha na simu.

KILA ZIPU INA KISA

Kumbe bwana, koti lile limeshonwa kwa ajili ya watu wanaoteleza juu ya theluji kwa ubao mmoja. Mchezo wenyewe unaitwa snoubodi. Unasimama ubavu, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, yote miwili imefungwa kwenye ubao, halafu unajiachia kutoka juu ya mlima. Sisi theluji yetu iko Kilimanjaro, na hata hiyo inatuaga: wanasayansi walipima wakakuta barafu iliyokuwepo kule juu mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa imekwisha kufikia 2007. Lakini nguo za mchezo huo zinatufikia kwa marobota.

Haya, sketi ya ndani. Mtelezaji akianguka kwenye theluji laini kama unga, theluji inapanda kwa chini mpaka mgongoni. Sketi inabana kiuno, haipiti. Kamfuko ka mkono wa kushoto ni ka kadi ya kupandia lifti. Kule milimani kuna lifti za kamba zinazobeba watu kwenda juu, na getini mashine ya kusomea kadi mara nyingi iko upande wa kushoto. Unapita tu, hutoi glovu. Kile kitambaa ni cha kufutia miwani.

Zipu ya kwapani ndiyo iliyonivunja mbavu na kunifunza. Mtu anayepanda mlima anatoka jasho hata kama kuna baridi. Jasho likilowesha nguo za ndani, akisimama tu linageuka kuwa baridi kali kuliko ya nje. Kwa hiyo anafungua kwapa, jasho linatoka, anafunga. Na kitambaa chenyewe kina habari yake. Mwaka 1969 Mmarekani mmoja, Bob Gore, alivuta kwa nguvu na kwa ghafla plastiki ya jamii ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Ikatanuka, ikawa na vitundu visivyoonekana kwa macho: vidogo mno kwa tone la mvua kupita, lakini vya kutosha kwa mvuke wa jasho. Ndiyo maana koti zuri la theluji linazuia mvua bila kukuchemsha kama mfuko wa plastiki.

Sasa RECCO. Hapo kicheko kikaniisha. Mwaka 1973, kwenye mlima wa Åre huko Sweden, theluji iliporomoka ikafukia watu. Msweden mmoja, Magnus Granhed, alikuwa miongoni mwa waliotafuta, wakichoma theluji kwa fimbo tu, hapa hakuna, pale hakuna. Rafiki yake alikuwa chini, na walichelewa kumpata. Granhed hakuishia kulia. Alishirikiana na wataalamu wakatengeneza kile kidude. Hakina betri wala swichi. Mwokoaji anakuja na mashine inayotuma mawimbi, kidude kinayarudisha, mwokoaji anajua achimbe wapi. Mwaka 1987, huko Lenzerheide, Uswisi, mtu wa kwanza alitolewa akiwa hai kwa njia hiyo.

Kwa hiyo yule mtaalamu wa kijiweni alikaribia. Ni kweli wanakuona ulipo, ila wanakuona ukiwa umefukiwa, na mwokoaji akiwa karibu na mashine yake.

Nikakaa kitandani, koti mapajani, nikaliangalia upya. Kila zipu, kila kifungo, kuna mtu aliganda, aliumia au alikufa. Halafu mwingine akakaa chini akasema: hili lisijirudie, tufanyeje?

MAHARAGE YALIIVA VIZURI

Ndiyo sasa nifike kwenye lile la nyumbani.

Jumamosi ya wiki ile ile, mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka kumi na mmoja, alishuka mteremko na gari la mbao. Unalijua gari lenyewe, usijifanye umezaliwa Masaki. Ubao wa kukalia, beringi nne chakavu kutoka gereji, usukani wa kamba. Mtaa wa dada uko kwenye mteremko chini ya mlima Loleza, na watoto wa pale wameteleza tangu dunia iumbwe. Wasio na gari wanateleza kwenye majani kwa dumu lililopasuliwa.

Gari lilikuwa zuri. Lilikosa kitu kimoja tu: breki. Breki ilikuwa visigino vyake mwenyewe, amevaa ndala. Ndala moja ikabaki njiani, yeye akaendelea mpaka kwenye meza ya mama muuza nyanya. Mkono wa kushoto ukavunjika, akafungwa hogo. Nyanya tulilipa, mama wa watu tulimwomba radhi.

Dada hakusema kitu. Alichukua shoka, akalipasua gari vipande, likachemsha maharage. Maharage yaliiva vizuri, sitasema uongo.

Usiku nikaenda kumpa pole dogo. Akaninong'oneza: "Mjomba, wenzangu wanatengeneza lingine. Hili wanalipeleka kwenye lami."

Msomaji, nilipata baridi ambayo hata koti langu halikuwa na zipu yake. Lami ya kwetu ina malori. Gari moja limechomwa, la pili linatengenezwa vilevile, bila breki, na safari hii mwisho wa mteremko hakuna meza ya nyanya. Kuna tairi la lori.

Nikarudi kwenye simu, safari hii sikutafuta koti, nilitafuta ubao. Nilitaka kujua: wenzetu nao si walianza na watoto? Walifanyaje?

ULIANZA NA BABA MWENYE WATOTO WASUMBUFU

Sikukuu ya Krismasi, mwaka 1965, mji wa Muskegon, jimbo la Michigan, Marekani. Mzee mmoja, Sherman Poppen, ana mke mjamzito anayehitaji utulivu, na mabinti wanaohitaji kutolewa nje ili utulivu upatikane. Akachukua skii mbili, akazifunga pamoja kwa vipande vya mbao, binti akasimama juu, akateleza. Watoto wa jirani wakaja kutaka na wao. Mke akakibatiza jina Snurfer. Mwaka uliofuata kampuni ya Brunswick ikakichukua kiwandani. Kilikuwa mchezo wa watoto, hakina kifungio cha miguu. Kilikuja kuwekewa kamba puani, ya kushika ili usianguke na ubao usikukimbie.

Ona: kamba puani. Kama gari la dogo.

Poppen hakuwa peke yake. Miaka miwili kabla yake, 1963, mvulana mmoja wa shule huko New Jersey, Tom Sims, alitengeneza ubao wake wa kutelezea kwenye darasa la ufundi wa mbao. Mwingine, Dimitrije Milovich, alianza kwa kuteleza na sinia za kantini ya chuo, kisha miaka ya 1970 akaenda Utah kutengeneza mbao za Winterstick. Sinia za kantini! Hapa kwetu angefukuzwa shule na kulipishwa sinia.

Halafu akaja kijana aliyeitwa Jake Burton Carpenter. Carpenter maana yake seremala, lakini kwa taarifa yako useremala hakuujua. Mwaka 1977 alijifungia huko Vermont, akatengeneza ubao baada ya ubao, majaribio kama mia moja, na usiku anauza baa ili apate hela ya mbao. Mwaka 1979 akaenda kwenye mashindano ya Snurfer kule Michigan na ubao alioufunga vifungio vya miguu. Wenyeji wakalalamika: huo si ubao wetu, hauruhusiwi! Mwisho wakamwanzishia daraja lake la peke yake, akashinda.

Kuhusu kuruhusiwa, hapo ndipo dada yangu angefurahi. Viwanja vingi vya kutelezea huko Marekani viliupiga marufuku ubao miaka ile. Walisema ni wa vijana wahuni, hausimami, utaua watu. Vitatu mpaka leo haviruhusu: Alta na Deer Valley kule Utah, na Mad River Glen kule Vermont. Lakini mlima wa Stratton, huko huko Vermont, mwaka 1983 ulifanya kitu kingine. Walisema: njoo, ila kwanza utafanya mtihani. Tuoneshe unavyogeuka, tuoneshe unavyosimama. Ukifaulu, panda.

Miaka 15 baadaye, 1998, ubao ule wa wahuni ulikuwa ndani ya Olimpiki kule Nagano, Japani. Ni michezo hiyo hiyo ambayo Mkenya Philip Boit alikimbia kwa skii kilomita 10. Mtu aliyeanza kujifunza theluji mwaka 1996! Alifika wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamsubiri mstari wa mwisho baridini mpaka afike ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kwa hiyo usiniambie haya ni mambo ya Wazungu peke yao.

NDANI YA UBAO KUNA NINI?

Nilidhani ubao wa sasa utakuwa wa maajabu matupu. Ukiukata katikati, unakuta mbao! Mti mwepesi, umepasuliwa vipande vyembamba, vikaunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu. Juu na chini kuna faiba, kama ile ya mitumbwi ya kisasa. Wamejaribu sponji ngumu, wamejaribu vitu vyenye vyumba kama sega la nyuki, lakini mbao nyingi za theluji bado zina mti ndani, kwa sababu mti unapinda, unarudi na hauchoki haraka.

Chini kabisa, panapogusa theluji, kuna plastiki ya ukoo mmoja na dumu lako la maji. Tofauti ni kwamba yao nzuri inatengenezwa kwa kushindilia unga wa plastiki kwa joto, ikabaki na vinyweleo vinavyokunywa nta. Ukipaka nta, inateleza zaidi. Maana yake watoto wanaoteleza na dumu chini ya Loleza walishapata jibu sahihi la kemia bila kupita maabara. Mimi mwenye Fomu Foo ya divisheni foo nimejua usiku wa juzi.

Pembeni kuna ukingo wa chuma wa kukata barafu. Katikati ubao una kiuno kama namba nane, ndiyo maana ukiulaza upande mmoja unakata kona wenyewe. Ukiuweka sakafuni, ule wa kawaida unanyanyuka katikati kama springi za lori. Katikati ya miaka ya 2000 wakaja na uliopinda kinyume, kama ndizi, usiokwama kirahisi kwenye theluji laini. Kampuni moja, Mervin, ikafanya ukingo uwe na mawimbi kama kisu cha mkate ili ushike kwenye barafu ngumu.

Na breki? Breki ya ubao ni mtelezaji mwenyewe kuugeuza ukae mkingamo na mteremko. Lakini zamani kwenye theluji ngumu walikuwa hawawezi kuegemea kisigino, kiatu kinalegea, mtu anakwenda tu kama mpwa wangu. Miaka ya 1980 Jeff Grell akaweka plastiki ngumu nyuma ya ndama wa mguu. Ukiegemea nyuma, plastiki inasukuma, kisigino kinakaza, ukingo unauma, ubao unasimama. Kipande kimoja tu cha plastiki!

Wala si kila jaribio lilifaulu. Miaka ya 1990 walileta viatu vya kukanyaga na kubana, kaa! umefunga. Watu wakafurahi, kisha theluji ikajaa kwenye vifungio, viatu vikawa vigumu, vikaachwa. Hawakusema basi. Mwaka 2017 kampuni ya Burton ikarudi na mtindo huo ukiwa umesahihishwa, unabana sehemu mbili mbele na moja kwenye kisigino. Miaka ishirini wanalirudia kosa lile lile mpaka likanyooka. Poppen na Burton wote walifariki mwaka mmoja, 2019, wameuacha mchezo wa watoto ukiwa mchezo wa dunia.

KUTOKA GOMA MPAKA MAFINGA

Najua kuna anayesema: ndugu mwandishi, hayo ni ya Vermont, sisi tuko Mwanjelwa. Sawa, twende Goma basi, hapo Kongo ya Mashariki. Kuna chombo kinaitwa chukudu. Kinafanana na baiskeli, lakini ni cha mbao tupu, hakina pedeli. Kinabeba mamia ya kilo za viazi, mkaa na kabichi kushuka milima. Magurudumu ni mbao iliyovalishwa mpira wa tairi kuukuu. Mwenye nacho anapiga goti moja juu ya kipande cha ndala kilichopigiliwa ubaoni, asiumie. Na nyuma kuna breki ya mpira anayoikanyaga ikasugua gurudumu. Watu wa Goma wamekisimamishia sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Wenzetu gari la mbao wamelijengea sanamu, sisi tumelipikia maharage.

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Mafinga, sendi-ofu ya binamu. Ukipita Makambako kuelekea Mafinga unaingia kwenye miti, paini na mikaratusi mpaka macho yanachoka. Hilo ndilo shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali hapa nchini. Nikaona ni dhambi kutoka pale mikono mitupu. Nikatafuta karakana ya seremala mmoja mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Kitanda au kabati?"

"Gari la mtoto, mzee. Lenye breki."

Akaniangalia kuanzia kwenye koti mpaka kwenye viatu. Nikamweleza yote, ubao wa theluji, hogo, maharage. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akawa makini, akaokota vipande vya paini.

"Hao watu wako hawakukosea kugawa ubao," akasema. "Ubao mmoja mpana ukipigwa na jua na mvua unajikunja. Ukiupasua ukaunganisha vipande, huyu akitaka kwenda huku, mwenzie anamkatalia. Na msumari usipige karibu na mwisho wa mti, utapasuka. Toboa kwanza, weka bolti."

Hakutaka hela. Alisema nikimaliza nimpelekee habari kama gari limesimama.

MWANDISHI WENU AKIJARIBU GARI

Nikarudi Mbeya. Mimi na dogo, yeye ana mkono mmoja na mimi nina akili nusu, tukaanza kazi. Breki yetu ni mti mfupi uliofungwa kwa bawaba ubavuni, chini yake kipande cha tairi la gari. Ukiuvuta nyuma, tairi linakandamiza ardhi.

Nani ajaribu? Mtoto ana hogo. Ikabidi mwandishi wenu, mtu mzima mwenye ndevu tatu, akae kwenye gari mbele ya mtaa mzima. Nikashuka, nikavuta breki. Ilishika, tena sana! Ila ilikuwa upande mmoja tu, gari likazunguka, mimi nikaenda njia yangu na lenyewe likaenda njia yake. Akina mama walicheka mpaka khanga zikalegea. Yule mama wa nyanya alikuwa ameshahamisha meza.

Nikiwa chini, goti linawaka, nikaelewa kitu ambacho simu haikunifundisha. Kosa lilikuwa limejionesha, na dawa yake ilikuwa wazi: weka breki pande mbili, ziunganishe kwa mti mmoja. Tukaweka. Nikashuka tena, nikavuta, gari likasimama. Tukapima hatua, tukaongeza kipande cha mpira, likasimama mapema zaidi.

Nikamwita dada. Nikamweleza habari ya Stratton na mtihani wao. Alikunja uso, akafuta mikono kwenye khanga, akasema: "Haya. Asiyeweza kusimama kwenye ule mstari wa majivu, hapandi. Na lami hakuna, nimemaliza." Akauchora mstari mwenyewe kwa majivu ya jikoni, nusu ya mteremko. Wale watoto wa gari la pili waliitwa na lao. Lilishindwa mtihani, likaingia gereji yetu, likafungwa breki. Kofia ngumu tumepata moja tu, ya pikipiki, kubwa kama sufuria, tukaijazia matambara. Anayeshuka ndiye anayeivaa, hakuna kushuka bila zamu ya kofia. Dogo mwenyewe ni refa mpaka hogo litoke.

Sisemi sasa hakuna atakayeumia. Mteremko ni mteremko, na mtoto ni mtoto. Nasema hivi: chombo kikimwangusha mtoto, shoka linamaliza chombo, halimalizi mteremko. Kesho kuna kingine, kibovu vilevile, na kitapelekwa mahali ambapo mkubwa haoni. Kabla hujakichoma, uliza kimekosa nini. Wewe fundi gereji unayegawa beringi chakavu, ongeza na kipande cha tairi. Wewe wa Iringa unayeona watoto wanashuka kuelekea Ipogoro, wasimamishe, wachoree mstari mbali na barabara kubwa.

Habari nimeshampelekea mzee wa Mafinga. Alijibu neno moja: "Limesimama?" Nikamwambia limesimama. Akasema basi sasa nitengeneze kitanda, nina umri wa kuoa.

Hilo la kuoa tutaongea na wale wapenzi wa daladala, wiki ijayo panapo majaaliwa. Kama una koti la mtumba lenye sketi ndani, sasa unajua. Vaa bila aibu, baridi bado ipo.